Mota ya Dobi na Fomu ya Wakili

Nikiwa nahesabu, usiniambie neno. Hiyo ndiyo sheria pekee ya karakana yangu, na nimeiandika ukutani kwa rangi nyekundu asije mtu akasema hakujua. Mimi ni fundi wa kusuka mota. Mota ikiungua inaletwa kwangu, naifungua, natoa waya wa shaba ulioungua huku nauhesabu mzunguko kwa mzunguko, kisha nasuka mpya kwa idadi ile ile. Miaka ishirini na miwili sasa. Watu wamenijia na habari za misiba na za harusi, na wote wamesimama mlangoni kimya mpaka nimalize koili, fungu la waya ninalolihesabu.

Anayenivunjia sheria hiyo ni mmoja tu, binti wa kaka yangu. Kaka na mkewe wanafanya kazi mbali, kwa hiyo tangu aanze sekondari anaishi kwangu, maana shule iko hatua chache kutoka karakana. Kila mtu anamwita Wakili. Jina hilo alilipata akiwa na miaka minne, siku paka alipokula nyama jikoni. Tulipomshika paka ili tumchape, mtoto akasimama mbele yake na kutuuliza nani alimwona. Hakuna aliyekuwa amemwona. Paka akaachiwa, na kuanzia siku hiyo ukoo mzima ukajua tumepata mwanasheria.

Juma ninalolisimulia hapa, fomu yake ilikuwa imekaa kwenye meza ya kulia chakula siku kumi. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na matokeo yametoka. Ilibidi achague masomo matatu ya kidato cha tano na cha sita, miaka miwili ile ya mwisho kabla ya chuo kikuu, na fomu irudi shuleni Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Alikuwa amejaza jina, tarehe ya kuzaliwa, hata kundi la damu. Visanduku vitatu vya masomo alikuwa ameviacha vitupu.

"Shangazi, nijaze nini?" akaniuliza Jumapili, tukiwa tunakunja nguo.

"Jaza ulichofaulu. Historia themanini na nane, Kiswahili tisini na moja. Fizikia hamsini na mbili. Kuna kesi hapo?"

Akakunja shati moja mara tatu, akalikunjua tena.

"Historia naipenda, nayo inanipenda," akasema. "Fizikia naipenda, yenyewe hata hainijui."

"Basi achana nayo. Utajiaibisha bure."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Na isitoshe, fomu ilikuwa na sharti: mwanafunzi mwenye alama chini ya sitini haruhusiwi kuchukua fizikia mpaka mwalimu wake wa somo hilo atie sahihi ya kumpendekeza. Mwalimu mwenyewe namjua kwa sifa. Ni mama mfupi, mkimya, na watoto wanasema hata chaki inamwogopa. Jioni ile ile kaka akapiga simu, akasema, "Wakili wangu, tunaelekea sheria, siyo?" Mtoto akajibu, "Tunaangalia, baba." Akarudisha simu mezani, juu ya fomu.

Jumatatu asubuhi akaja dobi.

Dobi ni jirani yetu wa mtaa wa pili, pande la mtu, viganja vyake vyeupe na vimekunjamana kwa maji. Anafua mashuka ya nyumba za wageni, na pampu yake inapandisha maji kutoka kwenye kisima cha saruji hadi kwenye tangi lililo juu ya mnara wa chuma. Alikuwa ameibeba mota ya pampu hiyo kifuani.

"Fundi, nimekuletea mgonjwa wako," akasema. "Mara ya tatu tangu mwaka uanze. Nikizidi kuja hapa, mtaa utasema nakuposa."

Nikamwambia akitaka kuniposa alete mota nzima.

"Unaiwasha asubuhi halafu unaisahau mpaka jioni," nikaendelea. "Ndiyo maana inaungua. Nilikwambia mara ya kwanza, nikakwambia na ya pili."

"Naizima kila nusu saa, fundi. Naizima hata nikiwa na sabuni mpaka viwikoni."

Sikumwamini. Nilikuwa nimeisuka mota ile mara mbili kwa mikono yangu, na nikijijua mimi, kosa lingekuwa la mtu mwingine. Kweli, umeme wake ulikuwa juu kidogo kila nilipoipima, lakini nilijiambia ndivyo pampu ya dobi ilivyo, maji yake yana mchanga. Dobi akaondoka amenuna. Nikaifungua mota, nikaanza kutoa koili, Wakili akiwa kando yangu anakata karatasi za kuwekea kwenye mifereji ya chuma, zile zinazozuia waya usiguse chuma chenyewe. Nikahesabu mpaka mwisho. Nikachukua daftari langu, nikalinganisha.

"Tisini na sita," nikasema kwa sauti, nimeridhika. "Ile ile. Kazi yangu haina kosa."

"Shangazi."

"Sema, nimeshamaliza."

"Hiyo tisini na sita uliipata kwenye koili ya kwanza uliyoitoa?"

"Niipate wapi tena, hewani?"

"Na aliyeisuka hiyo ya kwanza aliipata wapi?"

Nikaweka koleo chini. Nikamjibu kwamba ilitoka hivyo kiwandani.

"Lakini dobi alipoileta mara ya kwanza alisema aliinunua ikiwa imeshatumika," akasema, sasa anaongea haraka haraka kama kawaida yake akishika kesi. "Pengine ilikuwa imeshaungua kabla, ikasukwa na mtu. Kama huyo mtu alikosea, basi wewe umelinakili kosa lake mara mbili. Vizuri kabisa, bila kukosea."

Hasira zikanipanda. Miaka ishirini na miwili, mafundi wa mji mzima wanakuja kuniuliza, halafu nisahihishwe na mtoto ambaye bado namkumbusha kupiga mswaki.

"Hujafikisha hata sitini kwenye fizikia," nikamwambia, "unakuja kunifundisha kazi mimi?"

Akafyata ulimi. Akamaliza kukata karatasi zake, akazipanga, akaingia ndani. Nilijua papo hapo kwamba nimemuumiza, lakini mdomo wangu ni mwepesi wa kusema na mzito wa kuomba radhi, na hilo si siri kwa anayenifahamu.

Mchana nikachukua kazi nyingine, mota ndogo ya feni. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika thelathini na nane nikapotea. Hakuna aliyenisemesha, mlango ulikuwa wazi na barabara tupu. Nikaanza upya, nikapotea tena. Nilikuwa namfikiria huyo mtu asiyejulikana aliyeisuka mota ya dobi kabla yangu. Kazi yetu sisi ni kunakili. Tunaifungua mota, tunahesabu alichofanya aliyetutangulia, tunakirudia kwa usafi. Akiwa alikosea, sisi tunaliendeleza kosa lake kwa mkono mzuri, na mteja tunamgombeza kwa kusahau kuzima. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza mtu namba hizi zinatoka wapi. Nikainuka nikaenda ndani.

"Haya, Wakili. Tuseme alikosea. Utajuaje? Hatumjui, hatuna anwani yake."

Hakunikumbusha nilivyomtukana. Alikuwa ameshika tama pale mezani, mbele ya fomu.

"Unayo madaftari mangapi?" akauliza.

Ninayo tisa. Aliyenifundisha kazi alinizoesha kuandika kila mota inayoingia: urefu wa chuma chake, upana wa tundu la katikati, unene wa waya, idadi ya mizunguko. Niliandika kwa ajili ya siku mota hiyo hiyo itakaporudi, basi. Wakili akayabeba yote tisa kwa mara moja, kidevu kikiwa juu ya la mwisho.

Jumanne nzima sikumsikia. Alikuwa amelala kifudifudi sakafuni na kipande kikubwa cha boksi la kufungia waya, anachora grafu. Adhuhuri akaniita. Akanieleza, na nitaeleza kama nilivyoelewa, nikikosea ni mimi si yeye. Waya ukipitishwa umeme hutengeneza sumaku, na sumaku hiyo hupita ndani ya chuma. Chuma kikiwa kikubwa, mizunguko michache inatosha. Chuma kikiwa kidogo, mizunguko lazima iwe mingi, la sivyo chuma kinalemewa, mota inavuta umeme kupita kiasi na kupata joto. Kwa hiyo alipanga mota zangu zote kwa ukubwa wa chuma, kila moja kidoti. Vidoti vilikuwa vinashuka pamoja kutoka kushoto kwenda kulia, vimetawanyika kidogo lakini njia inaonekana.

Kidoti cha dobi kilikuwa chini, peke yake.

Nilikiangalia muda mrefu. Miaka ishirini na miwili ya mwandiko wangu, na sikujua kwamba ndani yake mna mstari.

"Inatakiwa ngapi?" nikauliza.

"Mia moja thelathini na moja."

Jumatano asubuhi nikasuka mia moja thelathini na moja. Nilitumia waya mwembamba kidogo kuliko ule wa zamani, maana mizunguko ikiongezeka lazima ienee kwenye mifereji ile ile. Tulipoiwasha pale kwenye benchi ilizunguka kimya, baridi kabisa. Wakili akanikumbatia nikiwa na vanishi ya koili mikononi. Tukaibeba hadi kwa dobi, tukaifunga kwenye pampu, dobi akawasha.

Mota ikanguruma, ikapunguza mwendo. Juu ya mnara, maji yakatoka kwenye bomba kidogo kidogo, yakakatika, yakatoka tena. Dobi akaangalia juu, akaniangalia mimi.

"Fundi, hii sasa haiungui," akasema kwa upole, "lakini na maji haipandishi. Imeamua kustaafu."

Nikaizima. Nikamtazama Wakili. Sasa niseme ukweli ambao haunipendezi: kuna sehemu ndani yangu iliyopumua. Nilijiambia, basi, imekwisha. Ataumia leo, kesho atajaza historia, Ijumaa tutapeleka fomu, na hakuna atakayemwambia tena kwamba hili si lake. Nikangoja alie. Nilikuwa hata nimeshaandaa maneno ya kumbembeleza.

Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, boksi lake magotini, katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Akavifuata vidoti kwa kidole, kisha akainua kichwa.

"Shangazi, imekosea upande wa pili."

"Maana yake?"

"Mwanzo mizunguko ilikuwa michache mno, ikapata joto. Sasa ni mingi mno, sumaku imekuwa dhaifu, haina nguvu. Kwa hiyo jibu liko hapo katikati. Wazo liko sawa. Kosa ni langu mimi, liko humu humu."

Alisema "kosa ni langu" kama mtu aliyeona funguo zake zilipodondoka. Akaanza kunisomea mota moja moja alizozitumia: pampu ya shule, mashine ya kusaga nafaka, msumeno wa seremala, kompresa ya mpaka rangi. Nikamkatiza.

"Ya kusaga umeiweka ya nini? Hiyo ni ya polepole."

"Polepole vipi?"

"Ina makundi manne ya koili. Yenye manne inakwenda taratibu. Yenye mawili inakimbia. Pampu ya dobi ina mawili. Huwezi kuziweka chungu kimoja."

"Kwa nini yenye mawili inakimbia?"

"Sijui kwa nini. Najua inakimbia."

Tukatazamana. Mimi nilikuwa nalijua jambo hilo tangu ujana wangu, na yeye ndiye aliyekuwa akilihitaji, na hakuna kati yetu aliyekuwa amefikiri kumuuliza mwenzake. Akachomoa kalamu sikioni, akaanza kufuta. Mota zote za makundi manne zikatoka. Zikabaki kumi na tisa, akageuza boksi, akazichora upya upande wa pili. Safari hii hazikutawanyika. Zilijipanga kwenye mstari safi mpaka dobi, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na taulo begani, akasema hata yeye anauona.

Mia moja na kumi na mbili.

Jambo la kukata waya mzima niliousuka asubuhi ile ile si jepesi kwa fundi. Nilipiga moyo konde, nikaukata. Alhamisi kabla ya adhuhuri tulikuwa tumerudi uani kwa dobi. Akawasha. Maji yakapanda na kugonga ndani ya tangi kwa kishindo, na vitone vikaturukia. Mimi joto la mota napima kwa kiganja: ukishindwa kuhesabu mpaka kumi mkono ukiwa juu yake, ina hatari. Nikaweka kiganja. Nusu saa ikapita, kiganja kipo. Saa nzima ikapita, kiganja bado kipo, na dobi ameleta viti.

"Ndugu yangu," nikamwambia dobi, "ulikuwa unaizima. Nilikusingizia. Unisamehe."

Dobi akatega sikio kana kwamba hajasikia vizuri. Akaniomba nirudie, mkewe naye asikie. Nikarudia.

Tukarudi nyumbani kwa miguu, Wakili amebeba boksi, mimi sanduku la vifaa. Barabarani akaniambia kitu.

"Jana nilikosea mbele ya watu, na sikutamani kufa. Kwenye mtihani nikikosea natamani kufa."

Nikasimama. Nikaona nisipomwambia hapo hapo, sitamwambia tena.

"Mimi nilipata arobaini na tisa," nikasema. "Fizikia, umri wako. Mwalimu akaniambia, binti, hili si lako, nami nikaitikia ndiyo. Sikubishana hata kidogo. Nikaja kwenye kazi ambayo hainiulizi kwa nini, inaniuliza ngapi tu. Na naipenda kazi yangu, usinielewe vibaya. Lakini Jumapili nilipokwambia utajiaibisha, sikuwa nazungumza na wewe. Nilikuwa nampa sababu yule msichana wa arobaini na tisa, ili asijute."

Akanipokea sanduku la vifaa, akaubeba mzigo wote yeye, na tukatembea.

Tulipofika akakaa mezani, akajaza. Kisanduku cha kwanza fizikia, cha pili hisabati, cha tatu kemia. Kisha akampigia baba yake, akamwambia haendi sheria. Nilisikia sauti ya kaka kwenye simu, imenywea: "Sasa mimi nitakuitaje?"

"Niite vile vile, baba. Bado nitakubishia."

Ijumaa saa tatu tulikuwa kwenye maabara ya shule. Mwalimu wa fizikia alikuwa anapanga lenzi kwenye kasha lenye pamba, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Wakili akamwamkia, nami nikasalimu, nikajieleza kuwa ni shangazi na mlezi. Mwalimu akaisoma fomu mpaka chini.

"Hamsini na mbili," akasema. "Mtihani wako niliuangalia. Maswali mawili uliyaacha matupu kabisa. Kwa nini?"

"Sikuwa na hakika, mwalimu."

Nilimwona anataka kurudisha fomu. Nikamgusa Wakili mgongoni, akalitoa boksi. Mwalimu akavaa miwani, akaliweka juu ya meza kati ya lenzi, akalisoma kwa kidole.

"Hapa umekosea," akasema baada ya muda. "Hizi mota si za aina moja. Umechanganya."

"Ndiyo, mwalimu. Geuza."

Akageuza. Akasoma upande wa pili. Akaniuliza kama mota hiyo inafanya kazi, nikamjibu kwamba tangu jana inapandisha maji na haijapata joto. Akamrudia mwanafunzi wake.

"Na hii, ulikuwa na hakika nayo?"

"Hapana. Lakini mota haitoi alama, mwalimu. Inakwambia bado, unarudia."

Mwalimu hakucheka wala hakukunja uso. Akavuta stuli, akakaa, akanigeukia mimi.

"Mama, ukipima waya wa mota kama hiyo kwa mita, ukinzani wake ni kiasi gani?"

"Mdogo sana. Kama omu mbili hivi."

"Na umeme wa ukutani ni volti mia mbili na arobaini. Gawanya kwa hiyo mbili," akamwambia Wakili.

"Mia moja na ishirini."

"Ampea mia moja na ishirini. Mama, ikiwashwa, mota hiyo inavuta ngapi?"

"Sita," nikasema.

"Sita. Zile mia moja na kumi na nne zimekwenda wapi?"

Namba hizo mbili nimezipima kila siku ya kazi, nikaziandika kwenye ukurasa mmoja, moja juu ya nyingine, maelfu ya mara. Sikuwahi kuziweka pamoja nikaona kwamba hazipatani.

"Waya ukipata joto, ukinzani unaongezeka," Wakili akajaribu.

"Hauongezeki mara ishirini."

"Basi ile sumaku. Sumaku inauzuia umeme?"

"Inauzuia vipi?"

Nilimwona anatafuta, macho yake yako kwenye bomba la maji la maabara lakini halioni. Niliogopa. Nilidhani mwalimu amemtega ili amwonyeshe kwamba hatoshi.

"Sijui," akasema mwishowe.

"Huwezi kujua. Hilo wanalisoma kidato cha tano, muhula wa pili."

"Muhula wa pili?" Wakili akamtazama kana kwamba ameambiwa chakula ni kesho. "Na huo wa kwanza wote tutakuwa tunafanya nini, mwalimu? Hakuna kitabu ninachoweza kuanza nacho sasa hivi?"

Mwalimu akaondoa kasha la lenzi juu ya fomu, akachukua kalamu, akatia sahihi ya kumpendekeza. Akainuka akaenda kabatini, na akiwa ametupa mgongo akasema kwamba kitabu kipo, ila kina ukurasa mmoja uliochanika.

Fomu ikasukumwa kwangu. Ilikuwa imebaki sahihi ya mlezi. Mikono hii inasuka waya mwembamba kama unywele, lakini pale jina langu lilitoka limepinda. Tukaiacha ofisini saa nne na nusu.

Tulipotoka nje ya lango Wakili alikuwa ameshafungua kitabu, anatembea anasoma, mimi ndiye wa kumwangalizia magari. Nikamshika kiwiko.

"Siku watakayokufundisha ampea zile zimekwenda wapi," nikamwambia, "unipigie simu siku hiyo hiyo. Usingoje likizo."

"Na usipoielewa kwenye simu, shangazi?"

"Utanieleza tena, na tena," nikasema. "Safari hii sitaki kuitikia tu ndiyo."